Mwenzi wa Madamu Leokadia

Masatu aliacha shule kidato cha pili. Mwenyewe alikuwaga anasema shule ndiyo ilimwacha, maana siku aliyoondoka hakuna mtu aliyemfuata kumuuliza anaenda wapi. Tangu hapo hakutulia. Kwao Kisorya alibeba mizigo ya watu wanaovuka kwenda Ukerewe, akachoka na maji. Bunda akajifunza kufungua redio. Kufungua aliweza, kufunga ndiyo kulimshinda. Mugeta akaswaga ng'ombe wa mnadani mpaka dume mmoja mwekundu akamwonyesha kwa pembe kwamba ile kazi siyo yake. Alipofikisha miaka ishirini na mitatu alikuwa ameshapita kazi saba, na hakuna hata moja iliyotimiza miezi minne.

"Mwanangu," mama yake alikuwaga anamuuliza, "hayo makalio yako yamepakwa pilipili?"

Kazi ya nane ndiyo iliyomkalisha. Ilikuwa kazi ya mdomo.

Kulikuwa na mzee mmoja, Burito, msimamizi wa zamani wa kiwanda kule Musoma. Walipopunguzwa kazi na kupewa mafao yao, wenzake walinunua mashine za kusaga, wengine baiskeli, wengine wake wa pili. Burito alirudi kijijini kwao, nje kidogo ya Butiama, na televisheni. Televisheni, deki ya kanda, na jenereta iliyokuwa inakohoa kama mgonjwa aliyekataa kufa. Ilikuwa mwaka tisini na tano, siku za ruksa, kila kitu kinaingia. Dar es Salaam watu ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuona vipindi majumbani kwao. Huku Mara, hata ungepanda na antena juu ya mwamba, ulikuwa unapata chenga tu. Lakini Burito alikuwa na mtoto wake bandarini Dar, Nyamhanga, na huyo Nyamhanga alirekodi tamthilia kwenye kanda, akazifunga na gazeti, akampa kondakta wa basi. Zilifika baada ya mwezi, miwili, mitatu, zingine zinanuka vitunguu.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Cha Burito kilikuwa cha kiwandani, kilianzia kwenye shifti kikaishia kwenye ovataimu. Siku moja gulioni akamsikia Masatu anawasomea watu karatasi ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, anasoma kwa sauti kama askofu.

"Kijana, umefika wapi shule?"

"Nimefika fomu, mzee."

"Fomu ya ngapi?"

"Fomu zilikuwa nyingi mle darasani, sikuhesabu."

Burito akacheka mpaka akakohoa kama jenereta yake. Tangu siku ile Masatu akapewa kazi, chumba, na jina. Kijiji kizima kikamuita Fomu.

Maonyesho yalikuwa Jumapili watu wakitoka misa, kwenye ghala ambalo zamani liliwekwa pamba. Madirisha yaliwambwa magunia ili giza lipatikane mchana. Masatu alisimama pembeni ya televisheni na fimbo, anaonyesha nani ni nani na kutafsiri. Na mbele kabisa, kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe kwapani, aliketi Nyangi.

Nyangi alikuwa mjane wa Kwangu, kaka mkubwa wa Burito. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, magoti mabovu, ulimi mzima. Hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alikuwa na maoni, na maoni yake ndiyo yalikuwa sheria. Kanda ikiisha watu hawakutoka mpaka wasikie Nyangi anasemaje.

Ilipokuja tamthilia ya polisi anayefukuza majambazi, alisema, "Hii imetungwa na mtu asiyejua mafuta. Kanda tatu gari linakimbia, hajasimama hata mara moja kuuliza petroli iko wapi. Hata foleni hajapanga. Uongo."

Ilipokuja ya hospitali, alisema, "Dawa zipo. Mashuka meupe. Madaktari watatu kwenye kitanda kimoja. Halafu bado wanalia. Wanalilia nini?" Jumapili iliyofuata ya hospitali ikakosa watu.

Hata zile ambazo hazijafika alizihukumu. Nyamhanga alikuwaga anaandika barua kumwambia baba yake ni zipi zinakuja, na barua ilisomwa hadharani kama tangazo la ndoa. Kuna moja inakuja, akaandika, ya familia yenye mbwa anayeongea.

"Mbwa akiongea kwenye boma," Nyangi akasema, "watu wanahama. Hawakai wakacheka."

Na nyingine ya watu waliozama na meli wakaokokea kisiwani. Hapo Masatu mwenyewe, mtoto wa Kisorya, alishindwa kuvumilia. "Nyamhanga anasema wamekaa kisiwani wiki nzima na njaa. Wamezungukwa na maji pande zote, hakuna hata mmoja aliyetengeneza ndoano! Hao wafe tu."

Ndipo ikaja Leokadia.

Jina la tamthilia kwa Kiingereza lilikuwa refu, hakuna aliyelishika. Watu waliiita kwa jina la mama mwenyewe. Madamu Leokadia alikuwa mjane tajiri, nyumba yake ya ghorofa, magari matatu, mume amekufa, mtoto hana. Na mle ndani alikaa na binti mmoja mzuri, mwenye nywele mpaka kiunoni, anaitwa Delfina. Kwenye kanda ya kwanza mgeni mmoja akamuuliza Madamu, huyu binti ni nani? Madamu akamshika Delfina mkono, akajibu kwa upole, na neno la mwisho lilikuwa "kampanyoni".

Masatu alilijua lile neno. Lilikuwa kwenye kitabu cha kidato cha kwanza, ukurasa wenye picha ya mbwa na mwindaji. Akasema kwa sauti, "Anasema, huyu ni mwenzi wangu."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mwenzi?" Nyangi akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Ee, mama. Mwenzi."

"Mwenzi wa namna gani? Huyu ni mwanamke, na huyu ni mwanamke. Huyu mjane. Mtoto hana. Mali anayo. Na huyu binti amekuja kukaa kwake."

Masatu akafungua mdomo, lakini jibu halikumsubiri. Lilitoka nyuma kwa akina mama, likapokelewa na wazee, likazunguka ghala lote: "Nyumba ntobhu! Kumbe hata wao wanazo! Nyumba ntobhu!"

Ukanda huu hakuna wa kuelezwa hilo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mume ameshakufa, anatoa ng'ombe, anaoa binti wa watu. Binti anakuja na heshima zote za mke, na watoto atakaozaa, hata baba yao awe nani, ni wa boma lile na wanabeba jina la marehemu. Boma halizimiki.

"Ndivyo, Fomu?" watu wakamuuliza.

Masatu alitazama yale macho mia na kitu. Hakuwa na neno bora. "Ndivyo hivyo hivyo," akasema.

Kuanzia hapo akawa kama mtu aliyepanda punda wa mwenzie: kushuka hawezi, kuongoza hawezi. Ilipofika kanda ya pili alishasikia vizuri kwamba Delfina analipwa, lakini tayari watu walikuwa wanamuita mke mdogo. Kanda ya tatu Delfina akajikuta na mimba ya kijana mmoja mwenye masharubu, mtunza farasi. Kwenye televisheni muziki ulikuwa wa msiba, Delfina anajificha nyuma ya pazia analia. Ghalani vigelegele vilipanda mpaka vumbi la pamba likadondoka darini. Mama mmoja akaanza kucheza.

"Mbona analia?" Nyangi akauliza.

"Furaha, mama," akasema Masatu, jasho linamtoka. "Imemzidi."

Kanda ikakatika pale Madamu Leokadia anafungua mlango, anamuona Delfina ameshika tumbo, anafungua mdomo kusema. Ndiyo mwisho. Nyingine mpaka Nyamhanga atume.

Ilichukua miezi mitatu, na miezi mitatu kijiji kilizungumza jambo moja: Madamu atasema nini? Wengine walisema atamchinjia mbuzi. Wengine walisema atampa gari moja katika yale matatu. Na Nyangi, kwa mara ya kwanza tangu televisheni ije, hakutoa maoni. Alienda Mugeta kuposa mke.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Tangu Kwangu afe miaka minne nyuma, Nyangi alikaa peke yake kwenye boma la mumewe. Hawakujaliwa mtoto. Burito hakumfukuza shemeji yake, hata siku moja, lakini alikuwaga anapita pale jioni anatazama mipaka, anapiga hatua kama mtu anayenyoosha miguu. Alimwambia kila mtu kwamba Nyangi akifumba macho boma ni la Nyamhanga. Na Nyamhanga alishaandika barua kwamba akilipata ataliuza anunue kiwanja Dar.

Wazee wa ukoo walipokaa, Burito alikuwa mkali. "Mambo ya nyumba ntobhu yamepitwa! Nchi inaingia vyama vingi, ninyi mnarudi kwenye ng'ombe? Nani mstaarabu anafanya hivyo siku hizi?"

"Madamu Leokadia," akasema mzee mmoja.

"Tena ana magari matatu," akasema mwingine.

"Na tumemuona kwenye televisheni yako," akamalizia wa tatu.

Burito akatazama chini. Umepigwa na fimbo yako mwenyewe, utamshitaki nani?

"Padri je?" akajaribu.

"Padri nitaongea naye mimi," akasema Nyangi. "Yeye mwenyewe hana mtoto. Atanielewa."

Binti aliyemtaka aliitwa Miriamu. Siyo kigoli; miaka ishirini na saba, alishaolewa mara moja, akarudi kwa baba yake na jino pungufu. Sasa alikuwa anauza dagaa gulioni Butiama, na ndipo Nyangi alipomuona na kumpenda kwa jinsi alivyomjibu mlevi mmoja. Miriamu alipoulizwa alisema atafikiri. Baba yake, Mzee Makongoro, alikuwa mfugaji wa Mugeta, mtu wa maneno machache, kila neno analipima kama chumvi.

"Ng'ombe sizikatai," akasema. "Lakini huyu nilishamtoa mara moja bila kujua namtoa kwa nani, na mmemuona alivyorudi. Safari hii nataka kujua. Nimesikia mna kanda ya mama aliyeoa hivyo hivyo, na mke wake ana mimba. Nataka nione anamfanyia nini. Kanda ikija, niiteni. Jibu langu nitalitolea hapo hapo."

Masatu aliposikia habari hiyo alikuwa anatafuna michembe, vile viazi vya kuanika, akaitema.

Kanda ikaja Ijumaa. Jumamosi Burito akamletea habari ya pili, anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Mwalimu Eufrasia yuko likizo. Si unamjua? Anafundisha Kiingereza sekondari kule Musoma. Nimemuomba kesho akae pembeni yako, kijana. Neno likikushinda atakusaidia."

"Asante, mzee," akasema Masatu. Alihesabu njia za kutoka kijijini. Zilikuwa nne. Kwa miguu yake ilivyozoea, saa ile ile angekuwa ameshafika Bunda. Lakini miguu ikampeleka kwa Nyangi.

Alimkuta ameinama juu ya mwamba nyuma ya nyumba, anageuza viazi alivyoanika.

"Mama, Delfina siyo mke wa Leokadia."

Nyangi akageuza kipande kimoja. "Ni mtoto wake?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Hapana. Ni mtu wa kukaa naye tu. Anamsomea barua, anatembea naye bustanini. Analipwa mshahara."

"Analipwa mshahara ili akae na mtu?"

"Ee."

"Masikini. Kumbe wale watu wana shida kiasi hicho." Akageuza viazi viwili vingine, halafu mkono ukasimama. "Umejua lini?"

"Kanda ya pili. Wewe uliuliza, watu wakajibu, mimi nikakubali."

Hapo ndipo Nyangi alipojinyoosha, na alikuwa mrefu kweli. "Nimeenda Mugeta nimekaa kwenye kiti cha watu. Nimekunywa uji wao. Nimewaambia hata Wazungu wanafanya. Umenifanya mwongo, Masatu, na umri huu."

Hakumuita Fomu. Hiyo ndiyo ilimuuma.

"Nitaendelea kusema hivyo hivyo, mama. Mwalimu nitampigia magoti leo, anyamaze. Kesho nitasema Madamu amemchinjia mbuzi..."

"Hutasema hivyo. Utasema kinachosemwa." Akaokota kiazi kilichodondoka, akakipuliza. "Yule binti alishadanganywa na mwanamume. Sitaki aingie kwangu kwa mlango huo huo. Ikivunjika, ivunjike mchana, kila mtu anaona."

Akamjazia michembe mfukoni, kama anavyofanyiwa mtu anayeenda mahakamani, akamfukuza.

Jumapili ghala lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani, magunia yakashikwa kwa mikono. Mzee Makongoro alipewa kiti chenye mgongo. Miriamu alisimama nyuma mlangoni na beseni lake, hajakubali kukaa. Mwalimu Eufrasia, mama mnene mpole mwenye miwani, alikaa pembeni ya Masatu, akafungua soda. Burito akavuta kamba ya jenereta mara moja tu ikawaka, na siku zote inamsumbua mara sita.

Madamu Leokadia akatokea pale pale alipoachwa, mdomo wazi. Akasema.

Masatu akainua fimbo. "Anasema... kumbe ni kweli."

"Ni kweli," Eufrasia akaitikia.

"Anasema, chini ya paa langu mimi, umethubutu."

Minong'ono. Delfina akapiga magoti. Madamu akanyoosha kidole mlangoni. Halafu, bila hata kungoja tafsiri, sanduku likaruka kutoka dirisha la ghorofani, likapasukia bustanini, nguo zikatawanyika kwenye maua.

"Heee!" akina mama wakalia. "Mke mwenye mimba!"

"Anasema nini, Fomu? Mbona umenyamaza?"

"Anasema..." Masatu alimtazama Nyangi. Nyangi alitazama televisheni. "Anasema, mimi sikukuoa... hapana, samahani. Anasema, sikukuleta hapa uniaibishe. Ulikuwa mwenzi wangu wa kulipwa. Na mshahara wako unaishia leo."



Burito akasimama taratibu. "Simamisha. Wa kufanyaje?"

"Wa kulipwa."

"Kwa hiyo kampanyoni ni nini, kijana? Waambie watu."

"Ni mtu anayelipwa akae na mwingine. Siyo mke. Mimi ndiye nilikosea tangu kanda ya kwanza, halafu nikaona aibu kurudi nyuma."

Gunzi la hindi likatoka nyuma, likampata begani. "Mwongo!" "Tumecheza ngoma ya bure!" "Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikaniisha, Fomu, nirudishie sauti yangu!"

"Tumsikilize Mwalimu," akasema Burito, anang'aa.

Eufrasia akafuta miwani. "Neno hakulikosea sana. Kamusi pia ingesema mwenzi. Ila ninyi mlilipandisha cheo."

"Kwa hiyo nyumba ntobhu kule haipo?" Mzee Makongoro akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Kwenye hii tamthilia, mzee, haipo."

"Basi." Akachukua kofia yake gotini, akaivaa. Nyangi hakugeuka. Mikono yake tu ndiyo ilishika kingo za kigoda. Burito alikuwa ameshaanza kumsogezea mgeni njia, "Pita hapa, mzee wangu, pita hapa," mpole kama shemasi.

"Baba, kaa."

Ilikuwa sauti ya Miriamu kutoka mlangoni. Aliweka beseni chini.

"Kaa kwanza, baba. Mimi hiyo kanda nimeielewa tofauti na ninyi. Mnasema Madamu amemfukuza mke wake. Sasa Mwalimu amesema hakuwa mke. Alikuwa kibarua. Ndiyo maana amefukuzwa! Nani alitoa ng'ombe kwa ajili ya Delfina? Nani aliketi na baba yake? Hakuna. Hana hata shangazi wa kwenda kumlilia. Angekuwa nyumba ntobhu, hilo sanduku lingerushwa na nani? Ukoo mzima ungekuwa kwenye hayo maua unauliza."

Watu wakaanza kutazamana.

"Fomu ametudanganya, sawa, apigwe magunzi," Miriamu akaendelea. "Lakini uongo wake ulikuwa mzuri kuliko ukweli wao. Madamu ana magari matatu na hakuna aliyemfundisha kutoa ng'ombe. Mimi nikitaka kuwa kibarua, dagaa zipo. Nikienda kwa mtu, niende nikiwa na watu nyuma yangu."

"Kweli!" akasema yule mama aliyedai sauti yake.

"Lakini..." Burito akaanza.

"Shemeji," akasema Nyangi bila kugeuka, "acha mgeni afikiri. Televisheni ni yako, kichwa ni chake."

Mzee Makongoro alifikiri. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaiweka tena gotini. Akakaa.

"Kijana. Rudisha hiyo kanda mpaka pale mama anapofungua mdomo. Halafu uiache iende polepole."

Masatu akarudisha. Picha zikakimbia kinyumenyume: sanduku likaruka kutoka kwenye maua likaingia dirishani, Delfina akainuka, mlango ukafungwa.

"Sasa," akasema Makongoro, "kila kitu huyo mama anachofanya, nitamuuliza huyu mama kama naye atafanya. Ananyoosha kidole. Simamisha hapo. Wewe mama, siku ukikasirika utamnyooshea mwanangu kidole?"

"Kidole nitanyoosha," akasema Nyangi. "Mimi siyo malaika. Lakini kwenye kazi, siyo kwenye mlango."

"Sawa. Endelea. Sanduku. Simamisha."

"Ghorofa sina. Nikirusha sanduku kutoka dirishani kwangu litaniangukia mguuni."

Ghala likacheka, hata Eufrasia akamwaga soda. Makongoro hakucheka. "Nimeuliza."

"Sitarusha," akasema Nyangi, na safari hii alijibu taratibu. "Kitu chake ni chake. Akitaka kuondoka ataondoka nacho kichwani, nami nitamsindikiza mpaka njia panda."

"Endelea. Anasema nini hapo?"

"Anasema, mtoto huyo hatakuwa na jina kwenye nyumba hii," Masatu akatafsiri. Eufrasia akatikisa kichwa kukubali.

"Simamisha." Picha ikabaki inatetemeka, Madamu Leokadia na mistari myeupe usoni. "Hilo ndilo kubwa. Mama?"

Nyangi akageuza kigoda chake kizima, akaipa televisheni mgongo, akamwangalia Miriamu, siyo baba yake. "Ataitwa Kwangu. Akiwa wa kike ataitwa Kwangu hivyo hivyo, atazoea. Na mashamba mpaka kwenye minyaa ya mpakani ni ya kwake, na shemeji yangu huyu anajua minyaa iko wapi, amepita hapo mara nyingi kuliko mimi."

Macho yote yakamwendea Burito. Akakuna shingo. Kwa mila, ndugu wa marehemu ndiye anayetakiwa kuitikia, na asipoitikia mbele ya watu wote hawa, ataeleza nini gulioni kesho?

"Naijua," akasema hatimaye. "Minyaa naijua."

"Na mimi nina langu," akasema Miriamu. "Dagaa siachi. Gulio likifika naenda."

"Utaniletea na mimi?"

"Utanunua kama wengine, mama."

"Huyu ndiye ninayemtaka," akasema Nyangi.

Mzee Makongoro akatemea mate kidogo mkononi, akasugua viganja, kama anavyofanyaga mtu aliyemaliza biashara ya mnadani. "Ng'ombe tutaongea Jumanne. Nyumbani kwangu, siyo hapa, hapa kuna kelele." Vigelegele vikaanza upande wa akina mama, kwanza viwili vitatu vya kujaribu, maana walishadanganywa mara moja, halafu vyote.

Burito alimgeukia Masatu na uso wa msimamizi wa kiwanda. "Wewe, kuanzia leo huna kazi hapa. Mwalimu ndiye atatafsiri."

"Mimi Jumatatu narudi Musoma," akasema Eufrasia.

"Basi maliza hii kwanza," akasema Burito. "Halafu ndiyo huna kazi."

Masatu akaachia kanda. Geti kubwa la chuma likafungwa. Delfina akabaki barabarani na sanduku lililopasuka, mvua ikaanza, akatembea, muziki tu unapiga. Alitembea muda mrefu. Watu walikuwa wameshaanza kusimama, lakini wakakaa tena.

"Anasema nini?" mtu akauliza.

"Hasemi kitu. Anatembea."

Masatu alishusha fimbo. Ilikuwa mara ya kwanza anaangalia tamthilia ile bila kuwaza uongo unaofuata, akaona kwamba yule binti hakuvaa viatu.

"Mwambie aje huku Butiama," akasema mama mmoja kutoka nyuma, kwa uchungu wa kweli kabisa. "Wajane wapo."

"Hasikii, mama."

"Mwambie hivyo hivyo."

Masatu akasogea karibu na kioo, akainama, akamwambia.